Bawabu wa Tarakilishi: Namna ya Kuchagua Ukuta Kinga Mwepesi na wa Bure kwa Anayeanza

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa zama hizi hahifadhi tena kazi yake katika daftari na makasha ya karatasi peke yake. Sauti za wazee aliowahoji, picha za miswada ya hati ya Kiarabu alizopiga kwa ruhusa ya wenyewe, majedwali ya data na sura za tasnifu, vyote hivyo hukaa ndani ya tarakilishi moja, aghalabu kipakatalishi kilichonunuliwa mtumba. Mali hiyo ina sifa moja inayoitofautisha na mali nyingine: sehemu yake kubwa hainunuliki tena ikipotea. Tasnifu inaweza kuandikwa upya kwa machozi. Lakini mzee aliyeghani utenzi mbele ya kinasa sauti mwaka jana huenda mwaka huu hayupo, na sauti yake ikifutwa imefutika.

Isitoshe, mali hiyo si ya mwanafunzi peke yake. Mtu aliyehojiwa alitaja jina lake, umri wake, ukoo wake, na pengine mambo ya ndani ya nyumba yake, akiamini kuwa maneno yake yatatumiwa kwa elimu. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya, kutunza habari za mtu mwingine si suala la adabu tu bali ni wajibu wa kisheria. Mtafiti anayeacha habari hizo wazi anavunja amana.

Makala haya yananuia kumweleza msomaji chombo kimoja kati ya vile vinavyolinda amana hiyo, nacho ni ukuta kinga. Tutaanza na sababu zinazotufanya tukihitaji, kisha tutazame neno lenyewe, jinsi chombo kinavyofanya kazi, vigezo vya kukichagua, mifano ya vilivyopo, na hatimaye mipaka yake. Makala yanaandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye taaluma yake ni lugha na fasihi, wala si sayansi ya tarakilishi.

2. Kwa nini suala hili lituhusu sisi wa pwani

Yawezekana msomaji akadhani kwamba mambo ya wadukuzi ni ya mataifa ya mbali. Ukweli ni kwamba mlango wa Kenya wa kuingilia mtandao wa dunia uko hapa petu. Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti. Huduma hiyo ilikuwa ghali na ya polepole, na mtu aliingia mtandaoni kwa dakika kadhaa, akasoma barua pepe zake, akatoka. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: SEACOM, na TEAMS inayotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Waya wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na mwaka 2012 waya wa LION2 ukatua papa hapa Nyali.

Mabadiliko hayo yalileta neema kubwa, nayo yakabadilisha pia aina ya hatari. Tarakilishi iliyounganishwa kwa dakika kumi kwa siku ni kama duka linalofunguliwa kwa dakika kumi. Tarakilishi iliyounganishwa usiku kucha ni duka ambalo halijafungwa tangu lilipojengwa. Katika majengo ya ghorofa ya Nyali, na katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi huko Kongowea na Kisauni, ni jambo la kawaida kukuta wapangaji kadhaa wakichangia ruta moja na nywila moja. Kila tarakilishi iliyo katika mtandao huo inaweza kuzifikia nyingine, na ugonjwa wa mmoja huweza kuwa ugonjwa wa wote.

Historia inatoa ushahidi wa kutosha. Mwezi Agosti 2003 mnyoo uitwao Blaster uliingia katika tarakilishi zilizotumia Windows XP na Windows 2000 bila mwenyewe kufungua barua wala kubofya chochote. Kuunganishwa mtandaoni tu kulitosha. Windows XP ilikuwa na ukuta kinga wake tangu ilipotolewa mwaka 2001, lakini ulikuja ukiwa umezimwa, na watumiaji wengi hawakujua kuwa upo. Kampuni ya Microsoft iliuwasha kwa watumiaji wote katika masahihisho makubwa ya Agosti 2004. Yaani chombo kilikuwapo, kikiwa kimelala kama mlinzi aliyeajiriwa bila kuambiwa zamu yake inaanza lini.

3. Neno na tafsiri yake

Kwa kuwa tunaandika kwa wanafunzi wa Kiswahili, haifai kulipita neno lenyewe bila kulichungua. Kiingereza kilichukua istilahi hii kutoka fani ya ujenzi. Katika majengo marefu hujengwa ukuta mnene unaogawa jengo mara mbili, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Ni ukuta wa kuzuia moto.

Watu wengi, wakitafsiri neno kwa neno, hupata "ukuta wa moto". Tafsiri hiyo ina dosari ya kisarufi na ya kimaana. Katika Kiswahili, kihusishi cha a-unganifu kinapofuatwa na nomino ya kitu, hutupeleka kwanza kwenye kile ambacho kitu kimeundwa kwacho: ukuta wa mawe, ukuta wa matofali, ukuta wa udongo. Kwa hivyo anayesikia "ukuta wa moto" huona ukuta unaowaka. Kinachokusudiwa kuzuiwa kimegeuzwa kuwa kizuizi chenyewe.

Wengine wangependelea mwambatano "kingamoto". Umbo hili ni fupi na linafuata kanuni nzuri ya uundaji wa maneno, lakini nalo lina mtego wake. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali hii si hifadhi. Ni kipande cha kuni chenye moto. Kwa msomaji anayejua methali zake, kingamoto huweza kusikika kama kitu cha kuwashia badala ya kuzuilia. Tena moto wenyewe, ambao katika Kiingereza ni sitiari iliyokwisha kuzoeleka, kwetu hauna kazi yoyote katika mazungumzo ya mtandao.

Katika makala haya tunatumia "ukuta kinga", yaani ukuta ambao kazi yake ni kukinga. Hata hivyo, neno "ukuta" lenyewe halitoshi kuonyesha kazi. Ukuta humzuia kila mtu, hata mwenye nyumba. Chombo tunachokizungumzia hupambanua: huyu apite, yule arudi. Mwenye kufanya kazi hiyo katika lugha yetu ana jina la siku nyingi, bawabu, neno lililotokana na Kiarabu, ambako mzizi wake ni mlango. Ukuta kinga ni ukuta wenye bawabu, na ubora wake wote umo katika huyo bawabu.

4. Jinsi unavyofanya kazi

Kila tarakilishi iliyo mtandaoni ina anwani, nayo ina milango midogo yenye nambari kuanzia 0 hadi 65535. Mkaazi wa Mombasa hana haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Aitazame bandari ya Kilindini. Bandari ni moja, lakini ina gati nyingi zenye nambari, na kila meli hupangiwa gati kulingana na shehena yake. Vivyo hivyo, kurasa za tovuti zilizofichwa kwa usimbaji hupitia gati 443, maswali ya majina ya tovuti hupitia gati 53, na ugawanaji wa faili kati ya tarakilishi za Windows hupitia gati 445. Data husafiri ikiwa imekatwakatwa katika vifurushi vidogo, na kila kifurushi hubeba anwani ya kinakotoka, anwani ya kiendako na nambari za gati.

Ukuta kinga husoma maandishi hayo ya juu ya kifurushi na kuyalinganisha na orodha ya kanuni. Kanuni zikikiruhusu, kinapita, zisipokiruhusu, kinatupwa. Kuta za mwanzo, zilizobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980, zilifanya hivyo tu. Zilizofuata zikaongezewa kumbukumbu. Bawabu mwenye kumbukumbu hujua ni nani aliyetumwa nje na wenye nyumba. Ukifungua ukurasa wa gazeti, tarakilishi yako ndiyo iliyotuma ombi, basi jibu linaporudi bawabu hulitambua na kulipitisha. Lakini kifurushi kinachokuja bila kuitwa hupiga hodi na hakiitikiwi.

Hapa desturi yetu inatusaidia kuelewa. Mgeni mwema hupiga hodi barazani, akaitikiwa karibu ndipo aingie. Akipiga hodi mara tatu pasiwe na jibu, huenda zake. Mnyoo wa mtandaoni hauna adabu hiyo. Hupita mtaa mzima ukijaribu kila mlango, nao hurudi tena baada ya muda. Kuta nyingi za siku hizi hukaa kimya kabisa mbele ya hodi ya namna hiyo, ili mgeni asijue hata kama nyumba ina watu.

Yafaa pia kutofautisha pande mbili za ulinzi. Upande wa kwanza ni wa vinavyoingia, ambao tumeueleza. Upande wa pili ni wa vinavyotoka. Programu haramu ikiwa imekwisha kuingia kwa njia nyingine, itataka kuwasiliana na mwenyewe aliye nje, impelekee nywila au faili. Ukuta unaolinda upande wa kutoka humwuliza kila anayebeba mzigo kwenda nje: unakwenda wapi, na nani kakutuma? Karibu na Nyali kuna mahali paitwapo Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa mwaka 1875. Kengele hiyo ilipigwa kuwaonya wakaazi kuwa wateka watumwa wanakuja, wasije wakachukua watu. Ulinzi wa upande wa kutoka una maana hiyo hiyo: kuzuia kilicho chetu kisibebwe.

5. Vigezo vya kuchagua

Anayeanza hukabiliwa na majina mengi, kila moja likijisifu. Tunapendekeza ayapime kwa vigezo vitano.

Kigezo cha kwanza ni wepesi. Kipakatalishi cha mwanafunzi mara nyingi kina kumbukumbu ya gigabaiti nne tu, na tayari kimebeba programu ya kuandikia, kivinjari chenye kurasa kumi na programu ya kusikilizia rekodi. Ukuta unaokifanya kikokote miguu utazimwa na mwenyewe kabla ya wiki kuisha, na ukuta uliozimwa ni sawa na usiokuwapo. Njia ya kupima ni rahisi: fungua msimamizi wa kazi wa Windows, tazama kumbukumbu inayotumika kabla ya kusakinisha na baada yake, kisha uamue.

Kigezo cha pili ni unyamavu. Zipo kuta ambazo kila programu ikitaka kutoka humwonyesha mtumiaji kisanduku cha kuuliza: uruhusu au ukatae? Kwa mtaalamu, maswali hayo ni elimu. Kwa anayeanza, ni hatari iliyovaa vazi la usalama. Atayasoma matatu ya kwanza, atayapitia haraka mawili yanayofuata, na kuanzia la sita atabofya "ruhusu" bila kusoma. Bawabu anayemwamsha mwenye nyumba mara ishirini usiku mmoja huishia kuambiwa: "Mwache aingie, niache nilale." Usiku huo ndio mwizi anaoungojea.

Kigezo cha tatu ni uwazi. Programu ambayo msimbo wake umewekwa hadharani yaweza kukaguliwa na yeyote mwenye ujuzi. Sisi hatutaukagua, lakini kujua kwamba wengine wanaweza ni dhamana ya aina fulani, mfano wa kitabu kinachotaja vyanzo vyake.

Kigezo cha nne ni matunzo. Programu isiyosahihishwa kwa miaka ni nyumba isiyo na fundi. Kuta kadhaa zilizosifiwa sana zamani zimetoweka. Sygate, iliyopendwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilinunuliwa na Symantec mwaka 2005, na toleo lake la nyumbani likaachwa. Anayeipata leo katika diski ya rafiki asiisakinishe kwa sababu tu ya jina lake la zamani.

Kigezo cha tano ni ukweli wa neno "bure". Wahenga wetu walionya kuwa rahisi huvunja upishi. Mwaka 2020 ilibainika kuwa kampuni ya Avast, ambayo programu yake ya bure ya kupambana na virusi ilitumiwa na watu wengi duniani, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za matembezi ya watumiaji mtandaoni kupitia kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwaka huo huo, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha kitu cha bure, uliza mwenyewe anakula wapi. Wako wanaotoa bure kwa sababu wanauza toleo kubwa zaidi kwa makampuni. Wako wanaotoa kwa moyo na kupokea michango. Na wako ambao bidhaa yao ni wewe.

6. Vilivyopo na tathmini yake

Kwa mtumiaji wa Windows, jambo la kwanza si kupakua chochote. Ukuta wa Windows wenyewe umo ndani, ni wa bure, hauongezi mzigo unaoonekana, na hauulizi maswali ila mara chache. Tangu Windows Vista iliyotoka mwaka 2007, una uwezo pia wa kudhibiti vinavyotoka, ijapokuwa kwa kawaida huviruhusu vyote visipokatazwa. Afungue sehemu iitwayo Windows Security, aingie katika ulinzi wa mtandao, na ahakikishe kuwa umewashwa katika mitandao ya aina zote zinazoorodheshwa.

Hapo ndipo kwenye uamuzi mmoja ambao una uzito kuliko uchaguzi wa programu yoyote. Windows ikikutana na mtandao mpya huupanga ama kuwa wa faragha ama wa umma. Katika mtandao wa faragha hulegeza ulinzi, ili tarakilishi za nyumba moja zionane na kugawana faili. Katika mtandao wa umma hukaza. Wi-Fi ya mkahawa, ya maktaba, ya bweni na ya jengo la kupanga ni mitandao ya umma, hata kama mlango wake una nywila na majirani ni watu wema. Anayekaa peke yake na ruta yake ndiye mwenye haki ya kusema faragha. Kwa wengi wetu, jibu sahihi ni umma.

Anayetaka pia kudhibiti vinavyotoka anaweza kuongeza TinyWall, programu iliyobuniwa na Károly Pados. Ni ndogo mno, megabaiti chache tu, msimbo wake uko hadharani, na haina matangazo. Haijengi ukuta mpya kando ya ule wa Windows, bali hutumia mitambo ile ile iliyomo ndani ya Windows na kuikaza. Sifa yake kuu ni kwamba haiulizi kabisa. Huzuia kila programu isiyo katika orodha ya walioruhusiwa, na mwenyewe ndiye anayekwenda kumwongeza anayemtaka, kwa kubofya dirisha la programu hiyo. Kasoro yake inatokana na sifa hiyo hiyo: siku ya kwanza utaona programu fulani haiunganishwi wala hakuna ujumbe unaokueleza sababu. Anayejua hivyo mapema hatahangaika. Ipo pia hali ya kujifunza, ambayo kwa muda mfupi huandikisha programu zinazotumika. Hali hiyo itumiwe tu wakati tarakilishi ni safi, la sivyo bawabu atafundishwa kumtambua mwizi kama mwana wa nyumba.

GlassWire ina mvuto wa aina nyingine. Huchora mchirizi unaoonyesha ni programu gani inatumia mtandao na kwa kiasi gani, jambo lenye faida kwa anayenunua bando kwa kipimo. Hata hivyo, toleo lake la bure lina vikwazo, na huhifadhi historia inayokua, kwa hiyo katika tarakilishi dhaifu huweza kuhisiwa. Comodo nayo ni ya bure na ina nguvu nyingi, pamoja na uwezo wa kuifungia programu isiyojulikana katika chumba chake peke yake. Lakini mipangilio yake ni mingi na lugha yake ni ya kitaalamu. Hatumshauri anayeanza aanzie hapo.

Kwa mtumiaji wa Ubuntu, ukuta uitwao ufw umekuwamo tangu toleo la 8.04 la mwaka 2008, lakini huja umezimwa. Amri moja, sudo ufw enable, hutosha kuuwasha, na kanuni zake za asili ni kukataa vinavyoingia na kuruhusu vinavyotoka. Asiyependa amri za kuandika anaweza kusakinisha Gufw, ambayo ni uso wenye vitufe wa ukuta huo huo. Katika tarakilishi za Apple pia ukuta uliomo mara nyingi huwa umezimwa, nao hushughulikia vinavyoingia tu. Programu ya LuLu, iliyo ya bure na yenye msimbo wa hadharani, huangalia vinavyotoka, ingawa huuliza maswali.

Pendekezo letu basi ni hili: anayeanza awashe ukuta uliomo katika mfumo wake na aupange kwa mtandao wa umma. Akiishi nao kwa mwezi mmoja na kuhisi haja ya kudhibiti vinavyotoka, aongeze TinyWall. Asiweke kuta mbili kamili za makampuni mawili kwa pamoja, kwani mabawabu wawili wasiosikilizana hugombania mlango hata wenye nyumba wakashindwa kupita. Na chochote anachopakua akitoe katika tovuti ya mwenyewe, si katika kapu la programu zilizovunjwa kufuli. Mlinzi aliyeibwa hawezi kuaminiwa kuzuia wizi.

7. Mipaka ya ukuta

Ingekuwa ni kumhadaa msomaji kumwachia imani kwamba akiwa na ukuta yuko salama. Kuna mambo matatu ambayo ukuta hauyawezi.

La kwanza ni kilichoingizwa kwa mkono. Mwanafunzi hupeleka diski mweko kwenye kibanda cha kupigia chapa, huchapisha kurasa zake, hurudi nyumbani na kuichomeka katika tarakilishi yake. Kirusi kilichopanda humo hakikupitia gati yoyote, na bawabu hakukiona. Kikulacho ki nguoni mwako. Kinga yake ni programu ya kupambana na virusi, na desturi ya kutuma faili za kuchapishwa kwa barua pepe badala ya diski.

La pili ni udanganyifu. Ujumbe unaokuambia kuwa umeshinda ufadhili wa masomo na kukutaka uandike nywila yako hupitia mlango halali, kwa sababu wewe mwenyewe uliufungua. Ukuta husoma bahasha, hausomi nia ya mwandishi. Kusoma nia ni kazi ya msomi, na sisi wa fasihi tumefunzwa kazi hiyo.

La tatu ni nyufa za nyumba yenyewe. Methali yetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika tarakilishi mambo yamezidi hapo, kwani hata mwenye kujenga ukuta hana budi kuziba ufa. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika ugawanaji wa faili wa Windows, ule unaopitia gati 445. Tarehe 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baadaye, programu haramu ya WannaCry ilipitia ufa huo huo, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikadiriwa kuathirika, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Walioziba ufa walinusurika mlango huo. Walioifunga gati 445 dhidi ya wageni pia walikuwa na kinga. Waliokosa yote mawili ndio walioliwa. Kwa sababu hiyo, anayetumia Windows 10 na akumbuke kuwa utoaji wa kawaida wa viraka vyake vya bure ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Atafute njia ya kuhamia mfumo unaotunzwa, ama toleo jipya ama Linux, ambayo aghalabu huvifaa vipakatalishi vya zamani.

Juu ya yote hayo, hakuna kinachozidi nakala ya akiba. Rekodi za utafiti ziwe na nakala angalau mbili, moja katika diski isiyokaa imechomekwa, nyingine mahali pengine kabisa. Faili iliyofungwa na mtekaji haina thamani kwake ikiwa mwenyewe anayo pacha yake kabatini.

8. Lugha ya onyo

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi zaidi kuliko wataalamu wa tarakilishi. Takriban kila kisanduku cha onyo tulichokitaja huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kifundi. Mtumiaji anatakiwa aamue kwa haraka juu ya jambo asilolielewa katika lugha ambayo huenda hakuizoea. Akibofya vibaya, hulaumiwa kwa uzembe. Lakini je, onyo lisiloeleweka ni onyo? Kengele ya Freretown ilimfaa kila mkaazi kwa sababu kila mkaazi alijua mlio wake una maana gani.

Kazi ya kuzipa programu sauti ya Kiswahili si ndoto. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi katika Kiswahili, na ilikuwa ya bure. Programu nyingi zenye msimbo wa hadharani huwakaribisha watafsiri wa kujitolea, na faili zake za maneno si ndefu. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili chenye watu kumi wanaojua tofauti kati ya "zuia", "kataa" na "tupa" kinaweza kufanya katika muhula mmoja jambo ambalo mhandisi peke yake hawezi kulifanya. Maneno hayo matatu yana maana tatu mbele ya kifurushi: kukizuia ni jina la jumla la kutokipitisha, kukikataa ni kukirudishia jibu la hapana, na kukitupa ni kukinyamazia. Nani mwingine wa kuyapambanua kama si sisi?

9. Hitimisho

Tumeeleza kwamba ukuta kinga ni bawabu anayepambanua vinavyoingia na vinavyotoka. Kwamba kwa anayeanza wepesi na unyamavu vina thamani kuliko wingi wa vitufe. Kwamba ukuta uliomo ndani ya mfumo, ukiwashwa na kupangwa vyema, humtosha mtu wa kawaida. Na kwamba TinyWall ni nyongeza inayofaa kwa anayetaka kudhibiti vinavyotoka. Tumeonyesha pia kwamba ukuta haumwokoi asiyeziba nyufa wala asiyeweka akiba. Kazi yote hii humchukua msomaji nusu saa, nayo haimgharimu hata shilingi. Ikilinganishwa na sauti ya mzee mmoja ambayo haiwezi kurekodiwa tena, nusu saa hiyo si bei. Tahadhari kabla ya hatari.